Mhina wa Uani na Ushahidi wa Majina

Waandishi wa tarikh ya pwani yetu wameshughulika sana na magofu, sarafu na vigae. Ni haki yao, kwani vitu hivyo hukaa ardhini karne nyingi. Lakini mti mdogo wa uani nao una habari yake, na mhina ni mmojawapo.

Mhina ni kichaka chenye vichala vya maua madogo yanukiayo vizuri. Hupenda jua, huvumilia ukame, wala hauwezi baridi kali. Hupandwa kwa mbegu au vipandikizi, na kila ukatwapo hutoa machipukizi mengi. Kwa hiyo wafaa kuwa ua wa nyumba. Majani yake hukaushwa, hutwangwa, huchungwa, kisha hukandwa kwa maji ya ndimu ili rangi itoke ikashike ngozi, kucha na nywele. Kazi hiyo ni ya kale: baadhi ya maiti zilizohifadhiwa Misri zimekutwa na nywele zilizotiwa hina.

Je, mti huu ulifikaje kwetu? Mara nyingi twaambiwa kuwa uliletwa na Waarabu, kwa sababu neno hina ni la Kiarabu. Neno ni la Kiarabu, hilo halina ubishi. Lakini hoja haisimami. Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, aliuita Lawsonia inermis kwa kumheshimu Isaac Lawson, tabibu wa Scotland. Kama jina ndilo shahidi wa asili, basi itatupasa kusema kuwa mhina umetoka Scotland! Wataalamu wa mimea huitaja asili yake kuwa nchi za joto tangu kaskazini-mashariki ya Afrika na Arabuni hata Bara Hindi. Afrika imo. Neno laweza kuja kwa jahazi pamoja na biashara, na mti ukawa na njia yake mwenyewe.

Jambo hili si dogo. Kwa hoja ya namna hiyohiyo miji ya Waswahili ilihesabiwa zamani kuwa kazi ya wageni, mpaka uchimbuzi wa Mark Horton huko Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980, ulipoonyesha mji uliokua hatua kwa hatua kutoka nyumba za miti na udongo hadi za mawe.

Siku hizi wengi hununua unga dukani, na wengine hupaka piko nyeusi, ambayo mara nyingi ina parafenilinidiamini, dawa ya nywele iwezayo kuchoma ngozi na kuacha makovu. Aliye na mhina uani anajua apakacho. Basi mwanafunzi wa tarikh na awaulize wazee mti wao waliupata wapi, na kwa nani, kabla haujang'olewa. Majibu yao yatatufaa kuliko kamusi peke yake.