Mwalimu wa Mbali: Masomo kwa Njia ya Video Unguja

Kusoma kwa njia ya video kumeikuta Unguja na kipimo chake cha zamani cha mwalimu. Katika vyuo vya Kurani, kuanzia Mji Mkongwe hadi Fumba, mtoto hukaa mkekani, akasoma kwa sauti, na akikosea herufi hurudishwa papo hapo. Masomo ya mbali yamepimwa kwa jambo hilohilo: swali linajibiwa upesi kiasi gani?

Masomo ya posta yalimchelewesha mwanafunzi, kwani daftari lililosahihishwa lilirudi baada ya wiki kadhaa. Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ilifika mbali lakini haikusikia swali la mtu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilituma vitabu vya kujisomea, kikaweka pia vipindi vya ana kwa ana katika vituo vyake, kikiwemo cha Zanzibar.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kilichorusha mihadhara kwa setilaiti hadi vyuo kama cha Dar es Salaam. Mwaka 2000 Dar es Salaam ilipata kituo cha mafunzo ambacho baadaye kiliitwa TaGLA. Hapo mwalimu na wanafunzi waliweza kuonana na kujibizana kwa video.

Mkongo wa intaneti wa Seacom ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, video iliingia kwenye simu za wanafunzi. Anayeipenda huokoa nauli ya boti na hulirudia somo lililorekodiwa. Anayeilalamikia hutaja bando na umeme. Huzima kamera ili bando lisiishe, akaandika swali, picha ikaganda. Inaporudi, mhadhiri yuko mada nyingine.

Taasisi ya teknolojia ya IIT Madras ya India imekuwa ikifundisha sayansi ya data mtandaoni tangu mwaka 2020. Ilipofungua tawi lake la kwanza nje ya India mwaka 2023, huko Bweleo, jirani na Fumba, somo hilohilo liliwekwa darasani, mwalimu akiwa mbele ya wanafunzi wake.