Simba mwenye jina la Kiswahili: tumpime nguvu



Mnajua lile boksi la karata kwenye kibanda cha vijana. Mchezo unaitwa Magic: The Gathering. Aliuunda Richard Garfield, Mmarekani msomi wa hesabu, ukatoka mwaka 1993. Kila mchezaji anaanza na uhai 20. Unaweka ardhi mezani, na kila ardhi inakupa nguvu ya rangi yake: msitu kijani, kisiwa buluu. Kwa nguvu hiyo unalipia kiumbe, halafu kiumbe anakwenda kupiga.

Mwezi wa 10 mwaka 1996 lilitoka toleo la Mirage, lenye mambo mengi ya Afrika. Ndani iko karata ya Mtenda Lion. Mtenda, neno letu kabisa! Mwezi uleule vita vilikuwa vinawaka Kivu, watu wako njiani na mizigo kichwani.

Juzi mdogo wangu mmoja alitaka kumtoa huyu simba apewe joka, Shivan Dragon. Nikamwambia ngoja, tumpime kwanza.

Bei: ardhi moja ya kijani, anatoka zamu ya kwanza. Joka linaomba ardhi 6. Utalingoja huku unachapwa.

Meno: anapiga 2, anavumilia 1. Kwa bei ile ni mengi.

Kasoro: akishambulia, mpinzani anaweza kulipa nguvu moja ya buluu, na meno yake yanakuwa bure. Savannah Lions wa 1993 ana 2 na 1 vilevile kwa ardhi moja nyeupe, na kasoro hiyo hana.

Mdogo akacheka: "Kaka, buluu si ni maji? Huku Nchelenge maji ya Mweru iko kila mahali. Simba wako amekwisha!"

Nikamwambia soma tena yale maandishi madogo. Kwanza, mpinzani asiye na buluu hana la kumfanya. Pili, kasoro ni wakati wa kushambulia tu. Akilinda nyumba, anauma kama kawaida. Tatu, mwenye buluu anatakiwa alipe kila mara simba anapokuja, na nguvu aliyolipa hana tena ya kuzuia kiumbe wako mwingine zamu ile. Hata asipouma, simba anamla mfuko.

Naandika hii juu siye pia tunapimwaka. Mwaka 2017, watu wenye walifika Kenani waliandikwa: wangapi, wagonjwa nani, wanakosa nini. Ni lazima, msaada haugawiwi kwa kukisia. Lakini ule ni mstari mmoja tu wa karata. Ndugu wa mashirika, mkituandika, ulizeni pia: huyu anajua kushona? Anajua nyavu? Alifundisha wapi?

Mdogo amebaki na simba wake. Jumamosi tunacheza tena; mwenye ana joka, alilete.