Mzee Oliva Aingia Cooperstown

Desemba 2014 Tony Oliva alipata kura 11, na zilihitajika 12. Dick Allen, aliyekuwa naye kwenye orodha, naye alipata 11. Mwaka huo kamati ya watu 16 iliyowapima wachezaji wa zamani haikumpeleka hata mmoja katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli, ulioko Cooperstown, jimbo la New York.

Habari hiyo niliipokea vibaya, kwa sababu nililelewa kibesiboli na watu waliomwona Oliva akicheza. Kazi yangu ni kuhudumia wazee hapa Minnesota, na mzee mmoja niliyekuwa nikimwogesha na kumlisha, shabiki wa Twins tangu timu ilipohamia huku mwaka 1961, ndiye aliyenifundisha mchezo huu. Mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu mpira ni wa miguu. Yeye alinieleza kwa subira kwamba mpigaji anayefaulu mara tatu katika kila mara kumi ni mpigaji hodari, na akishafika hapo kwenye maelezo, mfano wake ulikuwa mmoja tu: Oliva.

Alizaliwa Pinar del Río, Cuba, mwaka 1938, na jina alilopewa ni Pedro. Ili aweze kusafiri mwaka 1961 alitumia karatasi za ndugu yake Antonio, na tangu hapo Wamarekani wakamjua kama Tony. Twins walimtazama mazoezini wakamwacha: kupiga anajua, wakasema, lakini mpira wa juu unamshinda kudaka. Kwa kawaida kijana wa namna hiyo angefunga mizigo akarudi kwao. Lakini Aprili mwaka huohuo Cuba ilivamiwa, uvamizi ule wa Bay of Pigs, na njia ya kurudi ikazibwa. Akabaki ugenini, Kiingereza hakijui, timu hana. Hatimaye alipelekwa Wytheville, Virginia, ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo, na huko akapiga kwa wastani wa 0.410.

Mwaka 1964 ulikuwa msimu wake wa kwanza kamili katika ligi kuu. Alipata mipigo 217 iliyomfikisha kwenye besi, wastani wake ukawa 0.323, na akawa bingwa wa upigaji wa American League pamoja na mchezaji bora chipukizi. Mwaka uliofuata akautwaa tena ubingwa huo. Kabla yake hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa upigaji katika misimu yake miwili ya kwanza kamili. Mzee wangu alikuwa akisimulia jinsi Oliva alivyoufuata hata mpira uliorushwa ukapotea njia, akazungusha gongo kwa nguvu mpaka likamponyoka na kurukia huko mbele, na bado mpira ukaangukia pasipo na mtu. Kuanzia 1964 hadi 1971 hakukosa hata mwaka mmoja kuchaguliwa kwenye timu ya nyota.

Kisha ikaja tarehe 29 Juni 1971, Oakland. Joe Rudi alipiga mpira wa chini, Oliva akajirusha kuudaka, goti la kulia likaharibika. Wakati huo alikuwa akiongoza ligi nzima. Alimaliza msimu kwa 0.337, akachukua ubingwa wa tatu, lakini mwaka 1972 alicheza mechi 10 tu. Alipasuliwa goti tena na tena. Bahati ni kwamba mwaka 1973 American League iliruhusu kila timu iwe na mpigaji asiyelazimika kucheza ulinzi, na Aprili mwaka huo Oliva akawa mchezaji wa kwanza katika nafasi hiyo kupiga mpira ukavuka uzio. Ilikuwa Oakland palepale. Alistaafu 1976 akiwa na mipigo 1,917 na wastani wa 0.304.

Ni hiyo 1,917 iliyomponza. Waandishi wa habari walimpigia kura kwa miaka 15, kuanzia 1982 hadi 1996, na hawakumfikisha hata nusu ya kura, wakati zinatakiwa asilimia 75. Walisema mipigo ni michache, miaka yake mizuri ni michache. Hoja hii sijawahi kuikubali. Mwaka 1965 Twins walifika fainali wakafungwa na Dodgers katika mechi ya saba, na aliyewamaliza ni Sandy Koufax. Koufax alistaafu akiwa na miaka 30 kwa sababu ya mkono wake, na mwaka 1972 aliingia Cooperstown kwa kura ya kwanza, kwa haki kabisa. Wake ulikuwa mkono, wa Oliva goti. Kama miaka michache iliyong'aa ilimtosha mmoja, ilipasa kumtosha na mwenzake.

Tarehe 5 Desemba 2021 kamati ilitoa majina, na Oliva alikuwa na kura 12. Nilipiga vigelegele jikoni mpaka watoto wakatoka vyumbani wakidhani kuna msiba. Wachezaji sita wa zamani walichaguliwa siku ile, na waliokuwa hai ni wawili tu, Oliva na Jim Kaat, mrushaji aliyecheza naye Twins. Kati ya wale wengine wanne, Minnie Miñoso, Mcuba aliyewafungulia njia wenzake weusi, alikuwa amefariki 2015. Buck O'Neil, 2006. Dick Allen alikosa tena kwa kura moja, mwaka mmoja tangu azikwe, na ilibidi asubiriwe hadi Desemba 2024. Familia zao zilistahili kufurahi, lakini mtu apewe chake akiwa anaona.

Oliva alikiona. Tarehe 24 Julai 2022, siku nne baada ya kutimiza miaka 84, alisimama jukwaani Cooperstown na kuongea kwa kinywa chake. Mimi nilikuwa mbele ya televisheni na jezi namba 6 mwilini. Ruhusa ya siku hiyo niliiomba kazini tangu Januari.