Chama Chetu na Mtu Aliye Kifungoni

Katika mkutano mkuu mzee mmoja aliuliza kwa nini fedha zilizochangwa kwa mazishi na karo za watoto ziende kumsaidia mtu aliyeshtakiwa kortini. Swali hilo halikuwa la dhihaka, nasi twaona vema kulijibu kwa habari za zamani.

Zamani za ukoloni, kuingia jela hakukuhitaji wizi. Sheria ya kipande ilitungwa mwaka 1915 ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume wa Kiafrika alikichukua kipande katika kikopo cha bati shingoni, na aliyekutwa bila nacho alitozwa faini au kufungwa. Kodi nayo ilikuwa na wafungwa wake. Walikuwa wengi hata mwaka 1925 ikatungwa sheria ya kambi za kizuizi kwa wenye makosa madogo, wasichanganywe na wahalifu wakubwa. Kipande kilidumu mpaka mwaka 1947. Kwa hiyo baba zetu hawakumwita kila aliyetoka jela mwovu. Wengi wao walijua kufuli kwa sababu ya karatasi tu.

Tena tukumbuke Machi 1922. Harry Thuku alipokamatwa, watu walikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi kumwulizia mtu wao. Walipigwa risasi, wakafa zaidi ya 20, na Muthoni Nyanjiru miongoni mwao. Thuku alipelekwa Kismayu bila ya kesi, akakaa uhamishoni karibu miaka tisa. Baadaye, siku za Hali ya Hatari, wengi waliorudi kutoka kambini walikuta mashamba yamekwisha kupimwa na kugawanywa wao wakiwa hawapo. Kufunguliwa mlango si sawa na kufika nyumbani.

Sheria ya probesheni ilitungwa mwaka 1943, na kazi yake ikaanza mwaka 1946. Hakimu aweza kumwacha mkosaji nje, chini ya ulinzi wa ofisa, kwa muda wa miezi sita hadi miaka mitatu. Lakini kabla ya hukumu ofisa hwenda kwao mtu huyo, akawauliza wazazi, jirani na wazee: je, mtampokea? Hapo ndipo penye uzito wote. Ikiwa nyumba imefungwa na wazee wamenyamaza, ofisa ataandika nini katika ripoti yake? Ndivyo ilivyo hata kwa sheria ya mwaka 1998 ya kutumikia jamii, ambayo humwezesha mkosaji kufanya kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu.

Katiba ya mwaka 2010 imempa mshtakiwa haki ya dhamana yenye masharti ya kiasi. Hata hivyo maskini hubaki rumande kwa kukosa mdhamini, na wakati huo kazi yake imepotea na kodi ya chumba imelimbikiana. Mama aliyefungwa aweza kukaa na mtoto wake mpaka mtoto atimize miaka minne. Baada ya hapo nani atampokea mtoto huyo?

Hatufichi kwamba tumewahi kupata hasara. Kijana mmoja tuliyemwekea dhamana alitoroka, na fedha zikapotea. Kwa sababu hiyo Halmashauri imekata shauri kwamba mfuko hautalipa faini wala dhamana. Utatoa nauli ya wazee wawili kwenda kusema na ofisa wa probesheni, nauli ya jamaa kwenda kumtazama mfungwa, na nauli ya kumrudisha nyumbani siku ya kufunguliwa. Wazee walio tayari kwa safari hizo, na akina mama vilevile, wampe Karani majina yao kabla ya mkutano ujao. Mzee aliyeuliza swali ameandikwa wa kwanza, kwa ombi lake mwenyewe, ijapokuwa amesema bado hajaridhika na jibu letu.