Eneo la mgeuko wa kudumu kwenye ncha ya ufa

Eneo la mgeuko wa kudumu ni sehemu ndogo ya metali kwenye ncha ya ufa ambamo mkazo umevuka kikomo cha unyumbufu, hivyo umbo halirudi lilivyokuwa. Kwa modeli ya George Irwin wa Marekani, ukubwa wake hulingana na mraba wa uwiano wa ukali wa mkazo kwa kikomo hicho. Mwaka 1960 D. S. Dugdale alichapisha modeli ya ukanda mwembamba kwa mabati ya chuma. Springi za malori ya majani chai, kama yale ya Olenguruone, Kaunti ya Nakuru, Kenya, huweza kupata nyufa kwa mizigo inayojirudia. Katika nyufa kama hizo, eneo la mgeuko wa kudumu likiwa dogo sana kuliko ufa, hesabu za unyumbufu hutosha kukadiria ukuaji wa ufa.