Datsun 240Z: Gari la michezo lililoshinda Safari mara mbili

GARI la michezo kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya lami: liko chini, bodi lake ni jepesi na lina viti viwili tu. Hata hivyo, Datsun 240Z, lililoanza kuuzwa mwaka 1969, lilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 na 1973, katika vumbi, mawe na matope.

Injini yake iko mbele, chini ya boneti ndefu. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, kabureta mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393. Dereva na mwenzake huketi karibu na magurudumu ya nyuma, hivyo uzito wao husaidia kusawazisha ule wa injini. Nguvu hupita kwenye giaboksi na propela shafti hadi difu ya nyuma.

Hadi hapo hakuna jambo geni. Dereva wa pikapu kuukuu anayesomba mizigo Ntalikwa, mkoani Tabora, anaufahamu mpangilio huo wa injini mbele na msukumo nyuma. Tofauti imo katika magurudumu. Pikapu za zama hizo zilikuwa na ekseli nzima nyuma, kwa hiyo gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huyumba. Katika 240Z, kila gurudumu lina springi na shokamzoba yake, na mengine huendelea kushika ardhi.

Mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller walishika nafasi ya kwanza, wakifuatiwa na Shekhar Mehta na Mike Doughty katika gari la aina hiyo hiyo.

Mwaka 1973, Safari ilipohesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia wa magari, Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, alilingana pointi na Harry Källström wa Sweden, aliyeendesha Datsun ya aina nyingine. Mehta alipewa ushindi kwa kuwa alikwenda umbali mrefu zaidi kabla ya kupata adhabu.

Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, mwaka 1979 hadi 1982, na alifariki dunia mwaka 2006. Gari lililoshinda mwaka 1971 limehifadhiwa na kampuni ya Nissan nchini Japani.