Minervali, Primu na Bure: Nani Amlipe Mwalimu Vijijini Masisi na Walikale?

Utangulizi

Anayezungumzia umaskini na elimu katika shule za vijijini mara nyingi huanza na yale yanayoonekana kwa macho: paa linalovuja, ubao uliopasuka, kitabu kimoja mikononi mwa watoto wanne. Mambo hayo ni ya kweli, lakini hayaelezi chanzo chake. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika Kivu ya Kaskazini umaskini wa shule una historia, na kwamba historia hiyo imehifadhiwa katika maneno matatu wanayoyatumia wazazi: minervali, primu na bure. Kila neno ni jibu la swali moja: ni nani anayemlipa mwalimu? Mfano ni Burungu, kijiji cha usultani wa Bashali, wilayani Masisi, karibu na Kitchanga, pamoja na vijiji vya Walikale vilivyo upande wa msitu.

1. Minervali

Neno hili limetoka katika Kifaransa cha Ubelgiji, nalo lina asili ya Kilatini: ndiyo zawadi ambayo mwanafunzi wa Roma alimpelekea mwalimu wake. Liliingia Kongo pamoja na shule zenyewe. Kwa mapatano ya 1906 kati ya Vatikani na Dola Huru ya Kongo, wamisionari walipewa ardhi kwa sharti la kufungua shule. Mipango ya 1925 na 1929 iliongeza ruzuku ya serikali ya kikoloni, ila kwa misheni za Kikatoliki za Kibelgiji. Waprotestanti hawakuipata hadi 1948.

Shule ya kijiji ilikuwa ya miaka miwili: kusoma, kuandika, hesabu na kazi nyingi za shamba. Daraja la pili, la miaka mitatu, kwa kawaida lilipatikana penye misheni. Kwa hiyo umaskini wa kwanza wa shule za vijijini ulikuwa umbali. Mtoto aliyezaliwa mbali na misheni alikoma pale kijiji chake kilipokoma.

Umaskini wa pili ulitokana na ardhi. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala wa kikoloni ulihamishia Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, na walowezi wakapewa mashamba makubwa milimani. Baada ya sheria ya ardhi ya Julai 1973 na hatua za Novemba mwaka huohuo za kutaifisha mali za wageni, mengi ya mashamba hayo yaliangukia mikononi mwa wakubwa wa utawala na washirika wao. Mkulima mdogo alibaki na kipande cha maharage na viazi, au akawa kibarua katika malisho ya ng'ombe wa mwingine. Ada ya mtoto wake ilitegemea kipande hicho.

2. Primu

Mwishoni mwa 1974 Serikali ya Zaire ilizitwaa shule za makanisa. Ilipofika Februari 1977 ilizirudisha kwa mapatano: makanisa yasimamie, Serikali ilipe mishahara. Ahadi hiyo haikudumu. Katika miaka ya 1980 masharti ya wakopeshaji yalipunguza matumizi ya elimu, na mfumuko wa bei ukala kilichosalia. Mnamo Oktoba 1993 zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni tatu. Mshahara wa mwalimu wa kijijini ulikuwa umekwisha kupoteza maana yake.

Baada ya migomo mirefu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi na makanisa walikubaliana kuzinusuru shule kwa mchango. Mchango huo uliitwa primu. Katika Kifaransa neno hili lina maana ya nyongeza juu ya mshahara. Katika Kivu mshahara ulitoweka, nyongeza ikabaki. Neno likageuka kuwa jina la mshahara wenyewe. Tena, sehemu ya fedha hizo haikubaki shuleni, bali ilipanda kuelekea ofisi za juu za elimu.

Mwaka wa masomo huanza Septemba, na Septemba ni mwezi wa kupanda. Mzazi hutakiwa kutoa fedha wakati uleule anaponunua mbegu, miezi mitatu au minne kabla ya mavuno. Asiyelipa huona mwanawe akirudishwa nyumbani siku ya mtihani. Penye uhaba, mara nyingi huyo ni msichana.

Vita vilizidisha hayo. Machafuko yaliyoanza katika soko la Ntoto, Walikale, mwezi wa Machi 1993 yalienea hadi Masisi. Ng'ombe, ambao ndio akiba ambayo familia nyingi ziliuza ili kumpeleka mtoto sekondari, waliporwa au kuchinjwa. Huko Walikale, machimbo kama yale ya Bisie yaliwavuta vijana katika miaka ya 2000: shimo lililipa siku ileile, shule iliomba kwanza.

3. Bure

Katiba ya 2006, katika ibara ya 43, ilitangaza elimu ya msingi kuwa ya lazima na ya bure. Utekelezaji kwa nchi nzima ulianza Septemba 2019. Watoto waliokuwa wamekaa nyumbani waliingia darasani kwa wingi, na hilo ni faida isiyopaswa kudharauliwa. Lakini primu ilipofutwa, walimu ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya mishahara ya Serikali walipoteza pato lao la pekee. Madarasa yalijaa bila kuongezwa, na sekondari ikaendelea kulipiwa. Mnamo Januari 2023 mapigano yalifika Kitchanga, na wengi wa Bashali wakakimbilia kambi za upande wa Goma, ambako hata shule isiyo na ada haikuwa karibu na kila mtoto.

Hitimisho

Maneno matatu yaliyochunguzwa yanaonyesha kwamba mzigo ni uleule. Unabadilisha jina na bega. Zawadi ikawa ada, nyongeza ikawa mshahara, na bure ikawa deni la mwalimu asiyeandikwa. Yafuatayo yanajitokeza. Kwanza, elimu ya bure haitakuwa bure kijijini hadi kila mwalimu anayefundisha awe katika orodha ya mishahara. Pili, pale ambapo mchango bado unadaiwa, kama katika sekondari, tarehe zake zifuate mavuno, zisifuate kalenda ya ofisi. Tatu, hesabu za shule zisomwe mbele ya wazazi kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa ambacho wengi wao hawakisomi. Mzazi wa Burungu amewahi kumlipa mwalimu bila kuuliza fedha zinakwenda wapi. Ana haki ya kujua kwa lugha anayoielewa.